Mfumo Ukianguka, Nani Atasema Ukweli?

*Wakuu wa kampuni kubwa duniani wamedukuliwa, wameaibika, na mmoja wao ametiwa hatiani mahakamani. Walichofanya kabla na baada ya kudukuliwa kinamhusu kila anayeshika fedha na taarifa za wananchi.*

MCHANA wa Jumanne, Juni 27, 2017, skrini za kompyuta katika makao makuu ya kampuni ya meli ya Maersk, mjini Copenhagen, zilianza kugeuka nyeusi moja baada ya nyingine. Chumba kwa chumba, ghorofa kwa ghorofa. Wafanyakazi walikimbia kwenye korido wakiwapigia kelele wenzao wazime kompyuta na kuchomoa nyaya za mtandao.

Walichelewa. Ndani ya saa chache kampuni iliyokuwa ikibeba karibu moja ya tano ya shehena ya makontena duniani ilikuwa kipofu. Simu za mezani zilikufa. Lango la bandari yake ya Elizabeth, New Jersey, lilifungwa na malori yakapanga foleni ndefu barabarani. Meli zilikuwa salama baharini, lakini nchi kavu hapakuwa na mtu wa kusema kontena lipi lina dawa na lipi lina vipuri vya magari.

Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa anaijua kampuni hii hata kama hajawahi kuitaja. Ni yale makontena yenye nyota nyeupe ya ncha saba juu ya buluu, yanayopita Barabara ya Mandela kila siku yakielekea Zambia, Kongo na Rwanda.

Kirusi kilichofanya kazi hiyo kiliitwa NotPetya. Kilipitia kwenye masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu na kodi inayotumiwa sana Ukraine. Ofisi ya Maersk mjini Odessa ilikuwa imeiweka programu hiyo kwenye kompyuta moja, na moja ilitosha. Marekani na Uingereza baadaye zilisema kirusi hicho kilitoka jeshi la Urusi, Urusi ikakana. Hasara kwa dunia nzima ilikadiriwa kuzidi dola bilioni 10.

Diski iliyotoka Ghana

Mafundi walikusanywa Maidenhead, magharibi ya London, na kuambiwa waijenge kampuni upya. Waliponunua laptopu zote walizozikuta madukani na kuanza kazi, waligundua kuwa bekapu za seva nyingi zipo. Zilizokosekana zilikuwa nakala za zile seva zinazotunza orodha ya nani ni nani na nani anaruhusiwa kuingia wapi.

Zifananishe na daftari la mlinzi getini. Likiungua, hata mwenye nyumba hana namna ya kuthibitisha kuwa ndiye mwenye nyumba.

Seva hizo zilikuwa takriban 150 duniani kote, na kila moja ilihesabiwa kuwa bekapu ya mwenzake. Hakuna aliyewaza kwamba zote zingeweza kufa kwa siku moja.

Moja ilipona, na ilikuwa Ghana. Kabla kirusi hakijafika, umeme ulikatika kwenye ofisi ile, seva ikazimika, na kwa kuwa ilikuwa imezimika haikuambukizwa. Katika bara ambalo watu wamezoea kulalamika umeme ukikatika, safari hii kukatika huko kuliiokoa kampuni ya mabilioni ya dola.

Kuituma data hiyo Uingereza kwa intaneti kungechukua siku nyingi, kwa hiyo ikaamuliwa diski isafirishwe mkononi. Lakini hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye yule akasafiri saa sita na nusu hadi Heathrow.

Jarida la Wired lilisimulia kisa hiki kwa kirefu mwaka 2018, na tangu hapo mafundi wa kompyuta hawaachi kukirudia. Wakurugenzi wangefaa kukisoma pia, hasa kwa kile kilichofanywa na wakubwa wa kampuni hiyo.

Mkurugenzi mtendaji, Søren Skou, hakuwa mtu wa kompyuta. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba mwanzoni alihangaika, hakujua afanye nini. Alichoamua ni kuingia katika kila kikao cha dharura, na kuziambia ofisi zake zote duniani zifanye kile zinachoona kinamsaidia mteja, zisisubiri makao makuu, gharama itabebwa. Wafanyakazi wakapokea mizigo kwa WhatsApp, kwa barua pepe zao binafsi, kwa karatasi.

> Agizo la Skou kwa ofisi zake: msisubiri makao makuu, gharama tutaibeba.

Januari 2018, mwenyekiti wa bodi, Jim Hagemann Snabe, alizungumza Davos mbele ya wakubwa wenzake. Alitaja hesabu yote: seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500, zote zilisimikwa upya kwa siku 10, kazi ambayo alisema kwa kawaida ingechukua miezi sita. Shehena ilipungua kwa asilimia 20 tu. Hasara ilikuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kisha akakiri jambo ambalo wenyeviti wengi wa bodi hulimeza. Alisema kwamba katika usalama wa mitandao kampuni yake ilikuwa ya wastani tu, kama nyingine nyingi.

Onyo lililolala kabatini

Sifa hizo zina upande wake mchungu, na haifai kuuruka.

Kwa mujibu wa wafanyakazi wa Maersk waliozungumza na Wired, mafundi walikuwa wametoa tahadhari kabla ya 2017. Baadhi ya seva bado zilitumia Windows 2000, mfumo ambao Microsoft yenyewe ilikuwa imeshaacha kuuhudumia. Mpango wa kuimarisha usalama uliandikwa, ukakubaliwa, hata fedha zikatengwa. Lakini utekelezaji wake haukuwekwa kwenye vigezo vya kupima utendaji wa wakubwa wa kitengo. Bonasi zao zilitegemea mambo mengine, na mpango haukutekelezwa kikamilifu.

Hapo ndipo mimi naona uongozi ulipopimwa. Skou na Snabe walifanya kazi nzuri moto ulipowaka, na wanastahili kusifiwa. Moto wenyewe, hata hivyo, ulikuta kuni zimeshapangwa. Kila ofisi kubwa ina yule fundi aliyeandika barua, akaambiwa bajeti haitoshi, akaandika tena, kisha akanyamaza. Mkurugenzi asiyejua jina la fundi huyo hajajua hali ya kampuni yake.

Karatasi kwenye mlango wa kioo

Machi 19, 2019, wafanyakazi wa Norsk Hydro, kampuni ya aluminiamu ya Norway, walifika kazini Oslo asubuhi wakakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa kioo. Iliwaambia kampuni imeshambuliwa mtandaoni na wasiunganishe kifaa chochote kwenye mtandao wake. Karatasi, kwa sababu barua pepe haikuwepo.

Kampuni ilikuwa na wafanyakazi 35,000 katika nchi 40. Wadukuzi walizifunga kompyuta zake na kudai kikombozi. Siku iliyotangulia tu, Hilde Merete Aasheim alikuwa ametangazwa kuwa mkurugenzi mtendaji ajaye.

Hydro ilifanya mambo mawili. Kwanza ilisema hailipi. Itarudisha mambo yake kutoka kwenye bekapu. Pili, siku hiyohiyo iliitisha mkutano na waandishi wa habari, na kwa kuwa tovuti yake ilikuwa imekufa ikatoa taarifa kupitia Facebook. Mkuu wa fedha, Eivind Kallevik, alisimama mbele ya kamera na kusema hali ni mbaya. Taarifa ziliendelea siku baada ya siku: kiwanda kipi kinafanya kazi, kipi kinaendeshwa kwa mkono, kipi kimesimama. Wastaafu waliokumbuka jinsi kazi ilivyofanywa kwa karatasi walirudi viwandani kusaidia.

Gharama ilifika mamia ya mamilioni ya kroni. Lakini wateja walijua wasubiri nini, na kampuni nyingine zilipata kujua kirusi kinavyofanana mapema kuliko ambavyo zingejua.

Katika suala la kikombozi, wengine waliamua tofauti. Mei 2021 Joseph Blount, mkurugenzi wa Colonial Pipeline ya Marekani, alizima bomba lenye urefu wa karibu kilomita 8,850, linalopeleka takriban asilimia 45 ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Alilipa bitikoini 75, wakati huo dola milioni 4.4. Mwezi uliofuata alilieleza Baraza la Seneti kwamba huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko wote aliowahi kufanya kazini. Alikiri pia kwamba wadukuzi waliingia kwa nywila ya mlango wa zamani wa mtandao ambao haukuwa na uthibitisho wa pili. Kifaa cha kufungulia kompyuta alichouziwa kilikuwa cha polepole, na FBI ilirudisha bitikoini 63.7.

Simhukumu Blount. Vituo vya mafuta vilikuwa vinakauka. Ila mlango uliosahauliwa ni suala la uongozi, na yeye aliposimama mbele ya maseneta hakulikwepa.

Kusema mapema kuna bei

Wapo wanaopinga haya yote, na hoja yao ina uzito.

Wanasheria wa makampuni humwambia bosi asitoe neno mpaka uchunguzi uishe. Ukitaja namba leo na kesho ikabadilika, utaonekana mwongo. Ukikiri uzembe, umempa mshitaki ushahidi. Na ukitangaza mlango ulio wazi kabla ya kuufunga, umewaita wezi wengine.

Mfano wanaopenda kuutoa ni wa Dido Harding, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza. Oktoba 2015 kampuni iliingiliwa, na mara tu akatokea kwenye televisheni. Alisema wateja wote, takriban milioni 4, huenda wameguswa. Alipoulizwa kama taarifa zao zilikuwa zimefungwa kwa siri, hakuwa na jibu la uhakika. Uchunguzi ulipokwisha, walioguswa walikuwa takriban 157,000. Lakini hofu ilikuwa imeshaenea, wateja wengi wakahama, na mwaka uliofuata mdhibiti wa taarifa akaitoza kampuni faini ya pauni 400,000.

Wakosoaji walisema Harding alikurupuka. Mimi nalitazama kutoka upande wa mteja. Mteja wa TalkTalk alijua mapema kwamba akipigiwa simu na mtu anayejifanya wa kampuni asimsikilize. Hao wateja milioni 4 walibaki na wasiwasi kwa siku kadhaa. Wangenyamaziwa, kuna ambao wangeibiwa. Harding alipungukiwa na maandalizi, maana mkurugenzi anapaswa kujua kabla ya janga kama taarifa za wateja zimefungwa au la. Kusema kwenyewe hakukuwa kosa.

Dola 100,000 za kununua kimya

Anayetaka kujua mwisho wa njia ile nyingine, ya kunyamaza, amtazame Joe Sullivan.

Sullivan aliwahi kuwa mwendesha mashitaka wa serikali ya Marekani kabla ya kuwa mkuu wa usalama wa Uber, ile ile ambayo watu wa Nairobi na Mombasa huitumia kuita teksi. Novemba 2016 wadukuzi wawili waliiandikia kampuni kwamba wamechukua taarifa za abiria na madereva wake. Zilikuwa za watu milioni 57 duniani kote, zikiwemo namba za leseni za madereva takriban 600,000. Wakati huohuo Tume ya Biashara ya Marekani ilikuwa inaichunguza Uber kwa udukuzi wa nyuma, na siku chache tu zilikuwa zimepita tangu Sullivan atoe ushahidi mbele yake.

Wadukuzi walilipwa dola 100,000 kwa bitikoini. Malipo yakaandikwa kana kwamba ni zawadi ya kawaida wanayopewa watafiti wema wanaogundua kasoro. Wakasainishwa mkataba uliosema hawakuchukua data yoyote, jambo ambalo halikuwa kweli. Madereva hawakuambiwa. Abiria hawakuambiwa. Tume haikuambiwa.

Mwaka mzima ulipita. Mkurugenzi mpya, Dara Khosrowshahi, aliyashika madaraka mwaka 2017, akaambiwa, akaagiza uchunguzi, na Novemba 21 mwaka huo akautangazia ulimwengu. Sullivan alifukuzwa. Mwaka uliofuata Uber ilikubali kuyalipa majimbo ya Marekani dola milioni 148. Oktoba 5, 2022 baraza la mahakama la San Francisco lilimtia Sullivan hatiani kwa kuzuia uchunguzi na kuficha kosa la jinai. Alihukumiwa miaka mitatu ya uangalizi na faini ya dola 50,000.

> Mwaka mzima madereva 600,000 hawakujua kuwa namba za leseni zao ziko mikononi mwa watu wengine.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kesi ile iliwagawa wakuu wa usalama duniani. Wengi walimwandikia jaji kumtetea, wakisema Sullivan hakuwa peke yake katika uamuzi ule. Mkurugenzi mtendaji wa wakati huo, Travis Kalanick, hakushitakiwa. Hoja hiyo ni ya haki. Mkuu wa usalama asiye na nafasi ya kuzungumza moja kwa moja na bodi huachiwa mzigo usio wake siku mambo yakiharibika. Lakini dereva aliyepoteza taarifa zake hakuwa na wakili kwenye chumba kile, na ndiye aliyedhulumiwa kwanza.

Weka kando ya kisa hicho kile cha Kevin Mandia, aliyekuwa mkurugenzi wa FireEye, kampuni ambayo biashara yake ilikuwa kuwalinda wengine. Mwishoni mwa 2020 walinzi wake wa mtandao waliona mfanyakazi mmoja amesajili simu ya pili ya kuingilia kwenye mfumo. Jambo dogo kabisa. Wangeweza kulipita. Walimpigia wakamuuliza: hii simu ya pili ni yako? Akasema hapana.

Kwa swali hilo moja ulifumuka udukuzi mkubwa, uliokuwa umejificha ndani ya masasisho ya programu ya SolarWinds yaliyopakuliwa na wateja wapatao 18,000, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani. Mandia alitangaza Desemba 8 kuwa kampuni yake imeingiliwa, huku akijua kuwa mlinzi aliyeibiwa hupoteza wateja. Siku tano baadaye SolarWinds ikajulikana. Brad Smith, rais wa Microsoft, aliwaambia maseneta kwamba bila uwazi wa FireEye huenda wote wangeendelea kuishi na wezi ndani ya nyumba bila kujua.

Lawama huenda kwa nani?

Oktoba 2017 Richard Smith, aliyekuwa ameacha kiti cha mkurugenzi wa Equifax wiki moja tu kabla, aliitwa kwenye Bunge la Marekani. Equifax hutunza rekodi za mikopo ya watu, na wadukuzi walikuwa wamechota taarifa za Wamarekani takriban milioni 147. Kasoro waliyoitumia ilikuwa imetangazwa Machi mwaka huo, na kiraka chake kutolewa. Kampuni haikukibandika. Smith alisema anabeba wajibu, kisha akaeleza kwamba mtu mmoja hakupeleka ujumbe kwa timu inayohusika.

Mtu mmoja, kwa taarifa za watu milioni 147! Kama usalama wote huo ulitegemea kumbukumbu ya mfanyakazi mmoja, aliyeupanga hivyo ni nani? Ripoti ya kamati ya bunge ya mwaka 2018 ilisema balaa lile lingeweza kuzuilika kabisa, na ikaeleza udhaifu wa muundo mzima wa uongozi.

Julai 19, 2024 kampuni ya usalama wa mitandao ya CrowdStrike ilitoa sasisho lenye kasoro. Kompyuta milioni 8.5 duniani zikagoma. Ndege zikakwama, hospitali zikaahirisha matibabu. Ujumbe wa kwanza wa mkurugenzi wake, George Kurtz, ulilaumiwa kwa kukosa neno samahani. Saa chache baadaye aliomba radhi kwenye televisheni. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa wadukuzi Las Vegas, kampuni ilipewa kombe la aibu, ambalo aghalabu walengwa hawaendi kulichukua. Rais wa kampuni, Michael Sentonas, alipanda jukwaani mwenyewe, akalipokea, na kusema litawekwa makao makuu ili kila mfanyakazi aingiapo kazini alione.

Kombe haliwalipi abiria waliolala uwanjani. Ila fundi aliyekosea, akimwona rais wa kampuni amebeba aibu ya wote, kesho akiona kasoro nyingine hatasita kuisema.

Kibandani kwa wakala

Turudi nyumbani.

Jumamosi moja nilikuwa kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu, Dar es Salaam. Mbele yangu alikuwa mama wa makamo aliyetuma fedha za matibabu ya ndugu yake kijijini. Salio lake lilikuwa limekatwa, na huko kijijini hazikuwa zimefika.

"Mwanangu, hela yangu iko wapi?" alimuuliza wakala.

"Mtandao hamna, mama. Tungoje kidogo."

Tulingoja kutwa nzima. Wakala alipiga huduma kwa wateja mpaka akachoka. Mashine ilimjibu kwamba simu yake ni muhimu. Kwenye kurasa za kampuni hapakuwa na neno, isipokuwa tangazo la bahati nasibu. Kilichomtuliza yule mama ni daftari. Wakala alilifunua, akamwonyesha mstari wake: jina, namba, kiasi, saa, sahihi. "Hii hapa, mama. Haipotei." Fedha zilifika jioni. Maelezo hayakufika mpaka leo.

Daftari lile lenye pembe zilizojikunja ndilo bekapu pekee niliyoiona siku hiyo, na kijana yule ndiye pekee aliyefanya kazi ya uongozi.

> Fedha zilifika jioni. Maelezo hayakufika mpaka leo.

Katika nchi zetu maisha yamehamia kwenye simu kwa kasi kubwa. Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007, Tanzania ikafuata 2008. Leo ada ya shule, umeme, mshahara wa kibarua na mchango wa msiba hupita humo. Mfumo ukisimama, anayeumia kwanza ni yule asiye na akiba ya noti ndani.

Kenya ilionja hilo mwaka 2023. Juni 30 Rais William Ruto alizindua huduma 5,000 za serikali kwenye jukwaa la eCitizen. Takriban wiki nne baadaye, mwishoni mwa Julai, jukwaa lilishambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi kuliko uwezo wake. Watu walishindwa kununua tokeni za umeme na tiketi za treni, wengine wakalalamika M-Pesa inasumbua, na serikali ikalazimika kuwapa wageni viza wanapowasili. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Mwaka 2024 Marekani iliwafungulia mashitaka ndugu wawili wa Sudan waliodaiwa kuliendesha. Waziri wa habari na mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alijitokeza, akakiri shambulio na kusema hakuna data iliyopotea. Kukiri kule kulikuwa jambo jema. Lakini huduma 5,000 kupitia mlango mmoja ni hatari iliyotakiwa kusemwa siku ya uzinduzi.

Uganda, Novemba 2024, wananchi walisoma kwanza gazetini kwamba fedha zimeibwa kwenye akaunti za Benki Kuu. Waziri wa nchi wa fedha, Henry Musasizi, alithibitisha bungeni baadaye, akisema kiasi kilichotajwa kimekuzwa.

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayomtaka mtunza data aliyeingiliwa amjulishe kamishna ndani ya saa 72. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, ikiwa na tume yake. Sheria hizo hazimfundishi bosi kumwomba radhi yule mama wa kibandani. Hilo lazima alitake mwenyewe.

Na madhara ya kunyamaza tunayajua kuliko wengi. Kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ule ujumbe: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Tapeli anayeutuma akiwa na jina lako, amelipata mahali fulani. Aliyelipoteza kwanza, kama alijua na hakukwambia, amemsaidia.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa wakurugenzi wa mabenki, wa kampuni za simu, wa hospitali, wa saccos, na kwa makatibu wakuu. Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao cha kwanza, mwite mtu wako wa kompyuta. Usimwite na mkuu wake. Mwite peke yake, mpe kiti. Mwulize ni barua gani aliyoandika kuhusu usalama ambayo hajajibiwa. Ipo. Isome akiwa amekaa hapo mbele yako, kisha andika chini yake tarehe ya utekelezaji na jina lako.